Hirizi ya Gramu Mia Tatu

Ntalikwa, Tabora
Jumatano, alasiri

Mwanangu Kalunde,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali, halafu kila mmoja anasema yeye ni mzima ila hofu ni kwa mwenzake. Mimi hali yako naijua. Nimekuona saa nne ukipanda bodaboda kwenda Isikizya kumuaga shangazi yako, mtoto mgongoni, uso umeukunja kama mtu aliyeuziwa tumbaku iliyooza. Na mimi si mzima. Goti linaniuma, na nyumba imeanza kunyamaza kabla hamjaondoka. Basi salamu zimekwisha, tuendelee.

Najua utacheka. Mtu mnalala naye nyumba moja, mnachota mboga kwenye chungu kimoja, halafu anakuandikia barua kama yuko Kongo! Na mwenyewe kaishia darasa la nne, tena hilo la nne mwalimu alinichoka kabla sijalimaliza. Kuandika nilijifunzia ghalani Sikonge, enzi zangu za kupima tumbaku ya wakulima: jina, uzito, daraja, basi. Ukiona mwandiko wangu umelala upande, uache ulale, na wenyewe umezeeka.

Lakini lipo jambo ambalo siwezi kulisema huku nikikutazama. Nimejaribu mara tatu. Mara ya mwisho nilikuja mpaka mlangoni kwako, nikaishia kukuuliza kama umeliona koleo. Ukaniambia, "Baba, koleo umelishika." Kweli, nilikuwa nimelishika. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua hii nitaichomeka kwenye mfuko wa karanga za kukaanga, maana najua mkono wako utaingia humo kabla treni haijachanganya mwendo. Nakuomba tu usiisome mpaka mpite stesheni ya Goweko. Hapo utakuwa huwezi kushuka na kurudi kunigombeza.

Habari za vidonge vya mtoto sikuandikii. Vidonge unavijua wewe, mimi ulinifundisha, tena kwa ukali. Unaikumbuka siku ile ulipotoka kisimani ukanikuta nimevifungua na zile punje zake nazitwanga kwenye kinu kidogo?

"Baba, unatwanga nini?"

"Dawa ya Kasimu. Punje zinamkwama."

"Baba! Hazitwangwi hizo! Zikivunjika zinakufa tumboni, hazifiki kwenye utumbo!"

"Mbona mahindi tunatwanga na yanafika?"

Ulikaa chini pale pale ukalia, ndoo ikiwa bado kichwani, mimi nikadhani umechekeshwa. Baadaye ndipo nikajua kwamba zile punje mumeo Ramadhani alikuwa amezihangaikia wiki nzima huko Dar mpaka akazipata na kuzituma kwa basi. Tangu siku ile nazinyunyiza juu ya kijiko cha ndizi iliyopondwa, namwangalia anameza, namfungua mdomo nikague kwenye ufizi kama daktari wa meno. Sasa hilo nalijua. Nimelijua mtoto anaondoka.

Treni yenu ya kesho ya kwenda Dar inafuata njia ile ile ya misafara. Babu yangu alikuwa akinisimulia kwamba baba yake alikwenda pwani kwa miguu mara nne na pembe ya ndovu begani, na mara ya tano hakurudi. Alisema pale Kwihara, kabla ya kuondoka, wapagazi walikuwa wakibishania mizigo, kila mmoja anataka aonekane kabeba mzito kuliko mwenzake, maana wasichana walikuwa wamesimama wanatazama. Basi babu huyo wa ukoo wetu aliwahi kuficha jiwe ndani ya furushi lake ili aonekane mwanamume kweli. Wasichana wakapiga vigelegele. Yeye akalibeba lile jiwe siku baada ya siku, anaona haya kulitoa mbele ya wenzake, mpaka Ugogo ndipo akalitupa usiku akisingizia haja. Nilipokuwa mdogo nilikicheka kisa hiki mpaka mbavu zikaniuma. Siku hizi sikicheki sana. Utaona kwa nini.

Kwanza nikwambie habari ya samli.

Umekulia kwenye nyumba isiyopikwa samli. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukila kwa majirani unarudi unauliza, "Mama, mbona sisi hatuweki samli?" na marehemu mama yako anakujibu kwamba yeye haipendi harufu yake. Uongo. Mama yako aliipenda samli kuliko alivyonipenda mimi, na sikumlaumu. Aliacha kuipika kwa sababu yangu.

Unajua kwamba ulikuwa na kaka aliyeitwa Mrisho, na kwamba alikufa kabla hujazaliwa. Zaidi ya hapo hatukukwambia. Ndiyo maana watu wazima wa Sikonge mpaka leo wananiita Baba Mrisho na wewe unadhani ni mazoea tu. Mrisho alikuwa na kichwa kikubwa, mikono kama vijiti vya kukaushia tumbaku, na tumbo limejaa. Alikuwa anakula! Hiyo ndiyo ilikuwa inatuchanganya. Mtoto anakula kama mkulima wa msimu, lakini mwilini hakionekani kitu. Na choo chake, samahani mwanangu, lakini wewe umeshakuwa bingwa wa habari hizo, kilikuwa kingi, kinang'aa mafuta, kinanuka mpaka mbwa anahama. Na mama yako kila akimbusu alikuwa anajilamba midomo anacheka. "Huyu mtoto ana chumvi, kama katoka Uvinza!" Tukacheka wote. Tukamwita Muvinza.

Sasa mimi, mpima tumbaku, mtu wa akili nyingi, nikakaa nikapiga hesabu zangu. Choo kina mafuta. Maana yake mafuta yanamshinda. Basi akatazwe mafuta. Wazee wote niliowauliza wakatikisa vichwa kwamba nimesema kweli. Nikapiga marufuku samli, karanga, maziwa yenye utando wa mafuta juu. Mtoto apewe uji mwepesi na mlenda wa maji. Mama yako akabisha.

"Baba Mrisho, mtoto anakwisha huyu. Anaililia samli."

"Anaililia kwa sababu wewe umemzoesha."

"Mimi mtoto wangu namjua."

"Na mimi mizani naijua."

Nikachukua kile kibuyu cha samli nikakifungia kwenye sanduku la ghalani, ufunguo nikauvaa kiunoni. Kalunde, niliuvaa kiunoni. Nililala nao. Siku moja nilimkuta Mrisho amesimama mbele ya lile sanduku, ameweka ulimi kwenye tundu la kitasa. Nikacheka. Nilidhani anacheza.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, kwa kifua. Mama yako hakunitukana hata siku moja. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo, akafungua sanduku, akamwaga samli yote nje ya mlango. Mchwa na siafu walikaa pale wiki nzima. Baada ya hapo hakuipika tena mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo siku ile wewe ulipombusu Kasimu shavuni ukasema, "Baba, huyu mtoto mbona ana chumvi?" unakumbuka nilivyofanya? Niliangusha kijiko. Kesho yake alfajiri nikakuburuta hospitali, na ulikuwa unalalamika kwamba umeshakwenda mara nyingi, kwamba wameshamtibu kifua, wameshamtibu utapiamlo, wameshampa na dawa za minyoo. Nikamwambia daktari, mtoto huyu ana chumvi, na alikuwapo mwingine kabla yake. Wewe ulikuwa nje unamfariji mtoto, hukusikia. Wakachukua kile kipimo cha jasho, wakatutuma Mwanza, na baadaye likaja lile jina refu, sistiki faibrosisi, ambalo mimi nikilitamka Kasimu anacheka.

Nilimpenda yule daktari kijana. Alitueleza taratibu kwamba ute wa mtoto ni mzito kama ulimbo, unaziba kifua, unaziba na njia za kongosho, chakula kinapita hakimeng'enywi. Nimeishi miaka sabini na moja sikujua kama nina kongosho. Akasema ugonjwa huu lazima utoke pande zote mbili, kwa mama na kwa baba, na ni nadra huku kwetu, akatuuliza asili yetu. Nikamwambia, daktari, sisi tunakaa kwenye njia ya misafara. Wamepita Waarabu, wamepita Wamanyema, wamepita na wengine wasioaga. Nani anajua nani alilala wapi? Wewe ukanifinya. Daktari akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Halafu akasema neno lililonikata maini. Alisema, "Mtoto huyu ale mafuta. Ale karanga, samli, parachichi, mayai, maziwa yasiyotolewa mafuta. Ale kuliko watoto wengine, na kila mlo na vidonge vyake. Na chumvi muongezeeni, hasa joto likipanda." Wewe ulikuwa unaandika. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Nilisubiri ukatangulia nje, nikamuuliza kama yule wa kwanza angepewa samli angepona. Akasema bila vidonge isingesaidia sana, na vidonge enzi zile visingepatikana. Sijui kama alisema kweli au alimhurumia mzee. Nimeacha kuuliza. Lakini angalau angekufa ameionja.

Sasa unaelewa kwa nini nilivamia jiko lako. Ulidhani nimechanganyikiwa. Mzee mzima anapika! Mama Shija alikuwa akija kwenye uzio kila asubuhi kunichungulia.

"Mwangaluka, Mzee Mizani! Leo tena karanga? Umeolewa nini, na hatukualikwa?"

"Nimeolewa na bwana wa kilo nane."

"Na mahari?"

"Ameleta kikohozi."

Alicheka, lakini kesho yake alileta mayai manne. Na sheikh wetu aliponiambia mtoto aombewe, nikamwambia aombewe huku anakula, tusipoteze wakati. Samli niliagiza kwa wafugaji wa Nzega. Nilipoimimina mara ya kwanza kwenye uji wa Kasimu niliimwaga nusu mezani, na yeye akailamba meza. Nilimwacha ailambe. Wewe ulikuja kunigombeza habari za uchafu, nikakwambia toka, hapa kuna mambo ya wanaume.

Unajua pia kwamba chakula kilimchosha. Mtoto akisukumiwa kijiko mara sita kwa siku anafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya Idi. Wewe ulibembeleza, ukaimba, ukalia. Mimi ndiye niliyegundua kwamba huyu ni wa ukoo wetu, hataki cha kupewa, anataka cha kunyang'anya. Nikawa naweka matobolwa yake ya karanga, vile viazi vikavu, kwenye sahani yangu, namwambia, "Usiguse, hivi vya babu." Halafu nageuka pembeni nakohoa. Nikirudi, sahani nyeupe. Napiga kelele, "Mwizi! Nimeibiwa!" Na siku nyingine mimi ndiye naiba kwake, yeye ndiye anapiga kelele. Mpaka akaacha kuniita Babu, akawa ananiita Mwizi. Mbele ya watu, sokoni, msikitini. Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama hicho.

Sasa nimefika. Nimezunguka sana, kama mkulima mwenye belo lenye jiwe ndani.

Mwezi wa pili tulipokwenda kliniki, Kasimu alikuwa kilo nane na gramu mia sita. Sista Veronika akakuonyesha mstari kwenye kadi, akakwambia kwamba umelala, hauendi juu. "Nawapa miezi miwili," akasema. "Mstari usipopanda, nawaandikia mwende Dar kwa mabingwa, na mkae huko huko." Wewe ukasema sawa. Ramadhani alikuwa ameshapata chumba Mbagala, alikuwa anakuita kila siku kwenye simu. Nilikuona usoni. Ulikuwa na hofu, lakini pia ulikuwa umemkumbuka mumeo. Ni haki yako.

Mimi nilirudi nyumbani nikakaa uani. Nikaangalia kiti cha mama yako. Nikaangalia kikombe chekundu cha Kasimu, kile alichokitafuna ukingo. Nikapiga hesabu zangu tena. Na unajua hesabu zangu zinavyokuwa.

Kalunde, miaka kumi na tisa nimepima tumbaku. Nimewakamata walionyunyizia maji, waliofunga mchanga katikati ya majani, aliyeweka tofali. Hakuna hila ya mizani nisiyoijua. Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa mawe ya mizani ya shaba, lile la gramu mia mbili na lile la mia. La mia mbili nikalifunga kwenye kitambaa cheusi, nikalishona vizuri, nikalitia uzi. Nikakuita nikakwambia ni hirizi ya ukoo, ya babu aliyekwenda pwani, mtoto aivae kiunoni na asivuliwe kamwe.

Ulikunja uso. Ukasema, "Baba, mambo haya ya zamani." Lakini ulimvalisha, kwa sababu ulinilea adabu, nataka kusema nilikulea adabu. Na mwezi wa tatu kwenye mizani Sista akamvua nguo zote, akafika kwenye hirizi, akaipima mkononi.

"Mzee, hirizi hii mbona nzito?"

"Mambo ya wazee ni mazito, mwanangu."

Akaogopa kuivua. Watu wa kwetu nani atavua hirizi ya mtoto mgonjwa? Hilo nalo nilikuwa nimelipigia hesabu. Kadi ikaandikwa kilo nane na mia saba hamsini. Mstari ukainua kichwa. Ulifurahi mpaka ukaninunulia soda. Niliinywa, Kalunde. Niliinywa yote.

Mwezi wa nne nikaifumua usiku nikaongeza la mia. Ikawa gramu mia tatu. Kadi ikaandikwa kilo nane na mia nane. Sista akatupongeza, akasema chakula kinafanya kazi, vidonge vinatosha, tuendelee hivyo hivyo. Habari za Dar zikalala. Usiku ule nilimbeba mwenyewe kumlaza, na mikono hii, mwanangu, haihitaji mizani. Ilikuwa imebeba mtoto wa kilo nane na nusu, na ilijua kwamba mwezi wa pili ilibeba mzito zaidi. Alikuwa anapungua mkononi mwangu nami namwimbia.

Mwezi wa tano kifua kikamshika, tukalazwa. Wakataka kumpiga picha. Nikaivua hirizi mwenyewe nikaitia mfukoni. Ukaniuliza, "Baba, hirizi iko wapi?" Nikakujibu imemaliza kazi yake. Wakampima: kilo nane na mia mbili. Uliona uso wa Sista. Alidhani mtoto amepoteza gramu mia sita kwa wiki moja ya homa. Na hivyo ndivyo walivyoandika kwenye barua ya kuwapeleka Dar: kwamba lishe ilikuwa ikienda vizuri, vidonge vinatosha, ni kifua tu kilichomwangusha.

Si kweli. Alikuwa akishuka tangu mwezi wa tatu, taratibu, huku anakula samli yote ile. Maana yake labda vidonge havikutosha. Labda wangemuongezea mapema. Labda kifua kisingemkuta mwembamba vile. Mimi si daktari, lakini najua kusoma mizani, na mizani hii niliiziba mdomo mwenyewe.

Sikufanya vile ili kumwibia Ramadhani, wala kumcheka Sista. Nilifanya vile ili msiondoke. Nilitaka mbaki hapa, wewe unanigombeza habari za uchafu na yeye ananiita mwizi mbele za watu. Niliogopa kukaa na kiti cha mama yako peke yangu. Mara ya kwanza nilikaa kati ya mtoto na chakula chake nikiwa sijui. Mara ya pili nilijua.

Kasimu alipozaliwa ulitaka kumwita Mrisho, nikakataa kwa ukali, ukanuna wiki nzima. Sasa unajua. Niliogopa jina hilo lisije likanisikia tena.

Nimefika mara mbili mpaka mlangoni kwa Sista Veronika. Mara ya kwanza nikamuuliza saa. Mara ya pili nikampelekea asali. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine. Hata maneno haya nayaandikia mbali na macho yako, kwa hiyo ushujaa wenyewe ni wa nusu.

Chini ya karanga utaikuta ile hirizi. Ifumue. Mpe daktari wa Dar mawe yote mawili ayapime mwenyewe, asiniamini mimi. Mwezi wa tatu atoe lile kubwa, mwezi wa nne atoe yote mawili. Hapo atauona mstari wenyewe, na ataamua habari za vidonge akiwa anaona. Mwambie ni kosa la babu, mtu wa darasa la nne. Ukiona haya kusema, mpe barua asome. Mimi aibu yangu imeshazeeka, haitanisumbua sana.

Nawe ukitaka kukasirika, kasirika. Usinipigie simu wiki nzima, mwezi, utakavyo. Lakini usimkatishe na karanga kwa hasira ulizo nazo kwangu. Na mfundishe Ramadhani kuiba. Ni kijana mwema, lakini nina wasiwasi, ana uso wa mtu mwaminifu. Mtoto yule bila kuibiwa hali. Ageuke pembeni, akohoe, ahesabu mpaka kumi. Nilikuwa nahesabu mpaka kumi, na wakati mwingine nilipitiliza kwa sababu nilikuwa namsikiliza anavyotafuna.

Asubuhi ya leo ulipokuwa unaoga, nilimchukua nikamning'iniza kwenye mizani yangu ya zamani, ile ya kwenye boriti ya stoo. Uchi, bila uzi kiunoni. Hakuwa amekunywa uji, na kukojoa alikuwa ameshamaliza, kwenye shati langu. Alining'inia pale anacheka anazunguka, nikamsubiri atulie. Kilo nane na mia saba hamsini. Ile ile niliyoidanganyia mwezi wa tatu, safari hii ameipata mwenyewe tangu atoke wodini. Nimeisoma mara tatu, kidole changu nimekiweka nyuma ya mgongo. Iandikwe kwenye kadi, na jina langu pembeni, kama nilivyokuwa nikiandika ghalani.

Mkifika wakampima, nipigie. Usinizungushe na habari za joto na foleni. Nitajie namba. Ikiwa ndogo, nitajie hivyo hivyo.

Kikombe chekundu nilitaka kukificha kibaki na mimi. Nimekirudisha kwenye begi lako, kiko ndani ya kanga ya kijani.

Nasikia bodaboda inazima langoni. Kuna mtu anaita, "Mwizi! Mwizi!" Ngoja nikamwitikie.

Baba yako.